Sanduku la Ghorofa ya Tatu

3 Februari

Mdogo wangu Rula,

Salamu utazikuta mwisho wa barua, kama zitabaki. Kwanza nikukumbushe kwa nini nashika kalamu na simu ninayo. Shangazi ameamua, baada ya mimi kukukatia simu tena tukiwa katikati ya maneno, kwamba sisi wawili tukiwa na jambo zito tuandikiane. Anasema barua haikatiki. Basi nisome hadi mwisho, hata nikikuudhi.

Jambo zito ni hili. Halmashauri yenu imetangaza zabuni ya sare za wafagiaji wa barabara na za wahudumu wa zahanati, na tangazo linasema kazi hiyo imetengwa kwa vikundi vya watu wenye ulemavu. Nililisomea karakana nzima kwa sauti, kisha nikamsomea Kimya kwa mikono. Unamkumbuka Kimya, mkata vitambaa wangu asiyesikia? Alirusha chaki juu kwa furaha ikapasua balbu.

Unajua tulivyo. Mafundi wangu wanashona vizuri, kazi ndiyo haitoshi. Leo suruali ya kupunguzwa kiuno, kesho zipu. Wawili wameshaacha, wamerudi kukaa kwa ndugu zao, kwenye kile kiti cha kona ambacho kila nyumba huwawekea watu kama sisi. Tukiipata kazi hii nitawarudisha. Tusipoipata, sioni karakana ikiumaliza mwaka.

Mara iliyopita kazi kama hii ilikwenda kwa kikundi ambacho mwenyekiti wake anaendesha pikipiki na kucheza mpira kila Jumapili. Walemavu wake walikuwa kwenye karatasi tu. Sasa naona mmeweka kanuni: kiongozi wa kikundi aje mwenyewe na kitambulisho chake, atie bahasha sandukuni kwa mkono wake. Kanuni hiyo ina harufu yako, Rula. Imenyooka kama wewe. Naipenda kwa yote isipokuwa moja: sanduku liko ghorofa ya tatu, na naambiwa hapo kwenu lifti hakuna.

Baiskeli yangu ya magurudumu matatu inapanda mlima wa sokoni, naizungusha kwa mikono yangu bila kusukumwa na mtu. Ngazi haipandi. Basi ombi langu ni dogo. Siku hiyo nitafika hadi mlangoni, nawe ushuke, uichukue bahasha, uipandishe. Mkono wako na wangu imetoka tumbo moja, sanduku halitajua tofauti.

Salamu zimebaki kidogo, chukua hizo hizo.

Dada yako,
Mkasi

*

11 Februari

Dada Mkasi,

Sijambo, na nakuomba usiichane barua hii kabla ya kufika chini.

Siwezi. Mimi ndiye ninayetunza ufunguo wa sanduku na ninayeandika nani kaleta nini. Nikiigusa bahasha yako, hata kwa ncha ya kidole, wale wa pikipiki watasema umependelewa kwa sababu ya ndugu, na watakuwa wamesema kweli. Mtanyang'anywa kazi hata kama mlistahili. Kwa hiyo siku hiyo siwezi kukupokelea bahasha, siwezi kukubeba, wala siwezi kukununulia chai.

Kuhusu sanduku, nimeshaomba lishushwe. Bosi wangu alinijibu kwamba limekaa pale tangu jengo lijengwe na hakuna aliyewahi kulalamika. Nikamwambia wasioweza kupanda wangelalamikia wapi, na ofisi ya malalamiko iko ghorofa ya nne? Hakucheka. Ila amesema atalifikiria.

Koti ulilonishonea nalivaa kila siku. Dirisha la ofisi yetu halifungiki, na upepo wote wa mji huu unapitia kwetu. Watu wananiuliza nani fundi wake, hasa wakiiona ile kola nyeusi. Siwajibu. Zabuni ikipita nitakutaja hadi wanichoke.

Kuna jambo jingine nitakalolifanya na sitakuambia ni lipi. Usiniulize. Wewe njoo siku hiyo, mapema, na bahasha yako.

Mdogo wako,
Rula

*

27 Februari

Rula,

Jana nilikuja kama ulivyosema. Mapema pia nilikuja. Kimya alinisukuma kutoka stendi kwa sababu njia yenu ina kokoto, kisha nikamwambia arudi nyuma, nataka waione bahasha ikiwa mkononi mwangu na mimi peke yangu.

Sanduku lilikuwa juu.

Mlinzi wa mlangoni ni mtu mwema, sina ugomvi naye. Aliniuliza, "Mama, nikubebe mgongoni?" Nikamwambia mimi si gunia la mkaa. Nilikuja kuomba kazi ya kushona, na sikuona kwa nini nianze kwa kupanda mgongoni kwa mwanaume nisiyemjua, mbele ya foleni nzima, ndipo nihesabiwe kuwa kiongozi wa kikundi. Akasema, "Basi nipe hiyo bahasha nikupelekee." Nikamwambia kanuni inataka mkono wangu. Akaisoma ukutani, akavua kofia yake, akasema, "Kweli, inataka mkono wako." Tukabaki tunatazamana kama watu waliosahau walichofuata.

Wale wa pikipiki walikuja. Safari hii wana mwenyekiti mpya, mzee mmoja mwenye fimbo, sijui walimtoa wapi. Walimpandisha ngazi wakimshika kwapani huku na huku, na miguu yake ilikuwa haigusi chini vizuri. Aliniangalia alipopita. Nadhani aliona aibu kwa niaba ya sote wawili.

Sasa nakuja kwako. Niliinua macho, na kwenye dirisha la ghorofa ya tatu nikaliona koti lako. Nikaita, "Rula! Rula!" hadi watu wa upande wa pili wa barabara wakageuka. Koti likainama, likanitazama, likanipa mgongo, likaingia ndani. Uso sikuuona kwa sababu ya jua, lakini usiniambie habari za uso. Ile kola niliifumua mara mbili, na bado imeegemea kushoto. Fundi hakosei nguo yake.

Nilingoja nikidhani unashuka. Saa sita ikafika, zabuni ikafungwa. Nikageuza baiskeli.

Sikukuomba upendeleo jana, Rula. Nilichotaka ni ushuke uniambie pole. Inauma, na nataka ujue kwamba inauma.

Usinijibu.

Mkasi

*

6 Machi

Dada,

Najibu ingawa umekataza.

Aliyekuwa dirishani si mimi. Zaidi ya hapo siwezi kukueleza kwa sasa, na najua hutaniamini, maana ningekuwa wewe nisingeamini. Pole. Ningekuwa na neno kubwa kuliko pole ningelitumia.

Sikiliza sasa, weka hasira kando kidogo au uje nazo, vyovyote. Andika malalamiko kwa Mkurugenzi. Yasije kwangu wala yasipitie kwangu. Andika kwa jina la kikundi. Sema ulitaka nini, ulizuiwa na nini, na uliona nini. Usinitetee na usinifiche. Muda wa kulalamika ni mfupi, kwa hiyo usiiache barua hii mezani chini ya mikasi yako.

Rula

*

13 Machi

Rula,

Ushauri wako nimeufuata kuliko ulivyotarajia.

Malalamiko yamekwenda. Nimeeleza ngazi, nimeeleza mlinzi, nimeeleza sanduku. Nimeeleza pia kwamba kulikuwa na afisa aliyevaa koti la kijivu lenye kola nyeusi, ambaye aliniona na bahasha yangu, akanipa mgongo. Jina sikuandika, lakini koti kama lile lipo moja tu duniani, na mtu atakayeulizwa hatachukua muda kulitambua. Uliniambia nisikufiche.

Kimya aliniuliza kwa mikono kama ni kweli nimemshtaki ndugu yangu wa damu. Nikamwambia akate kitambaa. Akakikata vibaya, na yeye huwa hakosei.

Chakula hakinipiti tangu nilipoposti bahasha ile. Hata hivyo sifuti neno.

Mkasi

*

21 Machi

We Mkasi,

Kabla hujasoma, kaa chini. Najua umeshakaa, lakini we kaa.

Jirani yangu mwashi amefiwa na baba yake, nikamsindikiza halmashauri kuomba kibali cha kaburi. Ofisi ya makaburi iko chini, kwa nyuma, imepakana na vyoo. Tukabisha, kidirisha kikafunguliwa, nani namwona? Ndugu yako! Ana shati tupu, anakohoa, na mhuri mkononi. "Shikamoo, Shangazi," ananiambia, kama vile amezaliwa humo ndani. Nikamwambia, "Marahaba, na we mtoto umefanya nini hadi umetupwa huku kwa marehemu?"

Alizungukazunguka, mwishowe akasema, kisha akanisihi nisikuambie. Nikamwahidi kwamba sitakuambia. Basi nakuambia.

Ulipomwandikia ile barua ya kwanza, alikwenda kwa bosi wake, akasema: dada yangu ataleta zabuni, nitoeni kwenye zabuni hii, asije akapendelewa wala kuonewa kwa sababu yangu. Aliomba atolewe kwenye hiyo moja tu. Bosi akaona ni rahisi zaidi kumtoa ofisini kabisa. Siku uliyokuja na bahasha yako, mwenzio alikuwa keshahamia makaburini, na kutoka kwenye kile kidirisha chake haonekani mtu isipokuwa paka wa jikoni.

Utaniuliza, na koti? Mimi pia niliuliza. Kiti chake amepewa binti mmoja mwembamba, na lile dirisha lisilofungika lilikuwa linamtetemesha meno. Ndugu yako akamwachia koti msumarini, akamwambia avae hadi atakapopata la kwake. Ndiyo alivyo, unamjua, atatoa hata soksi.

Sikuridhika. Nilipanda mwenyewe ghorofa ya tatu nikamwone huyo binti. Nikwambie kitu, ngazi zile hata mwenye miguu mizima anazilaani, nilipumzika kila kona. Nikamkuta na koti lako mwilini na macho mekundu. Anasema alisikia mtu anaita Rula, na yeye hakujua kwamba Rula ndilo jina la nyumbani la huyo aliyemwachia koti. Lakini alimwona mwanamke kwenye baiskeli ameinua bahasha, na akaelewa. Akageuka mbio kwenda kumwomba bosi ruhusa ya kulishusha sanduku. Bosi alikuwa kikaoni, ikabidi angoje nje ya mlango. Alipokubaliwa alishuka nalo mwenyewe, amelikumbatia kifuani, akamkuta mlinzi peke yake. Saa sita ilikuwa imeshapita na wewe umeshaondoka, akalipandisha tena.

Sasa ameitwa kwa Mkurugenzi akajieleze kwa nini alikupa mgongo.

Basi fanya la kufanya, na ulifanye upesi. Mimi magoti yananiuma.

Shangazi yenu

*

23 Machi

Mdogo wangu Rula,

Shangazi ameniambia. Usimkasirikie, alikuahidi kwa nia njema kabisa ya kutotimiza.

Nimesoma barua yake mbele ya mafundi wote kisha nikaomba waniache peke yangu, nikalia hadi nikalowesha kitambaa cha mteja. Nimekufikiria ukikohoa mle ndani bila koti. Nimemfikiria na yule binti akishuka na sanduku kifuani huku mimi nageuza baiskeli kwa kiburi. Kama ningengoja kidogo. Basi, sikungoja.

Leo asubuhi nimepeleka barua ya pili kwa Mkurugenzi. Kimya alidhani nakwenda kuondoa malalamiko yote, akasimama mlangoni kunizuia, na ujue yeye ni mpana. Nikamwonyesha nilichoandika. Nimesema afisa wa dirishani nilimdhania vibaya, kwamba alikuwa anakwenda kunisaidia, na kwamba namwomba radhi kwa maandishi kama nilivyomshtaki kwa maandishi. Koti nimelifuta, ngazi nimeziacha. Ngazi bado zipo, na sanduku bado liko juu yake.

Lakini wewe. Kwa nini ulinyamaza? Uliniacha nikuchukie mwezi mzima wakati ulikuwa na jibu mfukoni. Nataka kuelezwa, na nieleze vizuri.

Dada yako anayekupenda, na aliyekushtaki,
Mkasi

*

14 Aprili

Dada Mkasi,

Umenifanya nicheke peke yangu ofisini, na huku watu hawategemei kusikia kicheko.

Kwa nini nilinyamaza? Kwa sababu nakujua. Ungejua kwamba nimehamishwa kwa ajili ya bahasha yako, usingeileta. Ungesema heri karakana ifungwe kuliko mdogo wangu akae na makaburi. Na baada ya siku ile, ungejua, usingelalamika. Ungekwenda kwa bosi kuniombea kiti changu, na ngazi zingesahaulika. Nilitaka uje halmashauri kama anavyokuja mwananchi mwingine yeyote, huna cha kunishukuru na huna cha kunihurumia. Ila sikujua kwamba ungeliona koti. Hilo nilipolisoma nilitaka kulia, kisha nikaona ni wewe kabisa, unaamini mshono kuliko macho.

Binti wa ghorofani ameshajieleza na yameisha. Anakusalimu, ila amesema salamu zake nizifikishe baada ya zabuni, naye anajifunza kunyooka. Kwa hiyo hujazisikia.

Zabuni ya vikundi itatangazwa upya. Nimelisoma hilo kwenye ubao wa nje, kama kila mtu, na wewe utalisoma kwenye ubao wa kwenu. Nasikia Mkurugenzi aliuliza ni nani aliyeamua sanduku likae ghorofa ya tatu, na hakuna aliyekumbuka. Wamekubaliana lishushwe hadi getini.

Mimi sijui kama nitarudishwa kule juu. Inanisikitisha, sitakudanganya, nilikipenda kiti kile. Ila huku nako ni kazi. Watu wanakuja wamechoka, nami nawaandikia kibali bila kuwazungusha. Na kipimo cha kaburi ni kimoja, hakuna anayenipigia simu kuomba la ndugu yake liwe refu.

Siku ukija, usinisalimie. Bahasha zikishafunguliwa tutasalimiana hadi tuchoke.

Mdogo wako,
Rula

*

9 Mei

Mdogo wangu,

Nimeahidi kutokusalimia, kwa hiyo barua hii haina salamu. Nitaiweka kabatini hadi bahasha zifunguliwe, kisha nitaiposti ikiwa na tarehe ya leo.

Sanduku limeshushwa kweli. Limepakwa rangi ya buluu, limeandikwa KWA WOTE kwa herufi kubwa nyeupe, na limepigiliwa ukutani getini, likiwa na tundu kwa juu, usawa wa kifua cha mwanaume aliyesimama.

Nilisogea hadi tukawa uso kwa uso. Nilinyoosha mkono na bahasha, nikafika kwenye lile neno WOTE. Hapo nikaanza kucheka, Rula. Nilicheka hadi baiskeli ikatikisika. Mlinzi alijua ninachocheka, akaja anajikuna. "Mama, nikuinue kidogo tu?" Nikamwambia sisi wawili tumeshaongea habari za magunia.

Foleni ikasogea kutazama. Wale wa pikipiki walikuwepo, pamoja na mzee wao wa fimbo. Nilijua nikiondoka sasa yamekwisha, hakuna atakayetangaza mara ya tatu kwa ajili ya mwanamke mmoja. Sikuondoka. Safari hii niliamua kungoja.

Ndipo binti akatokea na koti langu. Bado kola inaegemea kushoto. Akalitazama sanduku, akanitazama, akajiziba mdomo. Kisha alikimbia, na mgongo ule ule niliouona siku ile niliutazama ukienda nikaupenda. Akarudi na fundi mwenye bisibisi. Wakalifungua kutoka ukutani, mlinzi akatoa stuli yake anayokalia, wakaliweka juu yake.

Nikaweka bahasha kwa mkono wangu. Ilitoa sauti ndogo tu ilipoanguka ndani. Binti akaandika jina la kikundi na saa, akaniambia, "Ahsante, inayofuata," kama alivyomwambia kila mtu. Nilifurahi mno kuwa inayofuata.

Kisha wakaja waliokuwa nyuma yangu, na stuli ile ni fupi. Mmoja mmoja waliinama. Yule wa pikipiki, aliyekuja kumwonyesha mzee njia, aliinama kuelekeza hadi shati likachomoka kwenye suruali. Mzee mwenyewe alitia bahasha yao bila kushikwa na mtu. Alipopita kwangu akasema, "Ahsante, mwanangu, leo nimekuja kwa miguu yangu." Sijui kama kikundi chake ni cha kweli. Watakaokagua wakague. Ila yeye ni wa kweli.

Wakati wa kutoka nilizunguka kwa nyuma kimakusudi. Ulikuwa kidirishani. Uliniona, ukainua mhuri, kisha ukainamisha kichwa kama mtu asiyenijua. Umeigiza vibaya sana.

Dada yako,
Mkasi

*

30 Mei

Dada Mkasi,

Barua yako iliyokaa kabatini imefika jana. Ubao wa matangazo nimeusoma leo, nimesimama kwenye msongamano na kukanyagwa kama wengine. Labda na wewe umeshausoma, ila acha nikuandikie, kwa sababu nimeingoja raha hii.

Sare za wafagiaji mmezikosa. Zimekwenda kwa kikundi cha ng'ambo ya mto, ambao wapo kweli, mwenyekiti wao alikuja kwa magongo mawili na kazi yao ni safi. Sare za wahudumu wa zahanati ni zenu. Zote. Warudishe wale wawili, na mwambie Kimya asipasue balbu nyingine.

Mimi nimeandikiwa kubaki makaburini. Nilikasirika asubuhi, mchana nikaendelea na kazi. Yule binti ameshuka kunirudishia koti. Nimemwambia akae nalo, kwa kuwa dirisha bado halifungiki, na kwamba sasa anaweza kuuliza fundi wake ni nani.

Wiki iliyopita mtu mmoja aliyevaa tai alilalamika kwamba sanduku liko chini mno, mgongo unamuuma, lirudishwe ukutani. Mlinzi akamwambia stuli ni ya kwake na hajaitaka. Kila asubuhi nikiingia napita kulitazama. Bado liko pale, na watu wanainama.

Karatasi zimenichosha, Dada. Jambo zito limekwisha, Shangazi ameturuhusu. Nipigie. Na ukinikatia, nitapiga mimi.

Mdogo wako,
Rula